Pete Nyekundu za Ragnfrid

Ragnfrid Tveiten alikuwa na umri wa miaka sitini na mitatu siku alipogundua kwamba amekasirika. Aligundua akiwa anaosha vyuma vya kuokea wafeli, zile keki bapa za miraba, katika jiko la chama cha walenga shabaha cha Tverrdal, mikono imejaa povu, huku ukumbini watu wakimpigia mumewe makofi.

Mumewe, Oddvar, fundi bomba mstaafu, mtu wa kifua kipana na sauti ya kusikika ng'ambo ya bonde, alikuwa ametwaa Kombe la Bonde kwa mara ya pili. Kombe hilo lina sharti lake. Ukilishinda, jina lako linachongwa ubavuni na unakaa nalo mwaka mmoja, kisha unalirudisha ligombewe upya. Ukilishinda mara tatu, limekuwa lako mpaka unaingia kaburini. Hakuna aliyewahi kufikisha mara ya tatu, kwa hiyo ukumbi ulitaka hotuba, na Oddvar si mtu wa kumnyima mwenziwe hotuba.

"Watu wananiuliza siri yangu," alisema, kombe kalikumbatia. "Siri gani, jamani? Ni mkono na jicho, basi. Mkono, jicho, na wafeli za mke wangu!"

Watu wakaangua kicheko. Ragnfrid naye alicheka jikoni, tena kwa sauti. Kisha akatazama povu lililokuwa mikononi mwake, akaona kumbe hakuna kilichomchekesha.

"Umenuna, wifi," alisema Gunnvor, dada yake Oddvar, aliyekuwa akikausha sahani pembeni yake.

"Sijanuna. Nawaza."

"Basi waza polepole, utakitoboa hicho chuma."

Alichokisahau Oddvar katika hotuba yake hakikuwa kitu kidogo. Risasi zote alizopiga siku ile, na zote alizopiga miaka thelathini na mmoja kabla ya siku ile, zilitengenezwa na Ragnfrid kwa mikono yake miwili, chini nyumbani kwao, katika chumba cha kufulia, kati ya mashine ya nguo na sanduku la viazi.

Ilianza mwaka wao wa kwanza wa ndoa. Oddvar alikuwa amerithi kwa mjomba wake mashine ya mkono ya kupakia risasi, pamoja na mizani midogo ya shaba. Ragnfrid wakati huo alifanya kazi katika duka la dawa kule mjini, anapima unga wa marhamu tangu asubuhi mpaka jioni. Siku moja alishuka na kapu la nguo akamkuta bwana harusi anachota baruti kwa kikombe, anaifuta juu kwa kidole, anaimimina kwenye ganda, anachota tena.

"Unapima au unapika supu?"

"Si inatosha hiyo."

"Inatosha ni neno la supu. Hebu sogea."

Oddvar akasogea. Na kwa kweli alisogea moja kwa moja, maana hakukikalia tena kile kiti.

Asiyejua atadhani kazi yenyewe ni kujaza tu. Ragnfrid alikuwa na jibu kwa watu wa namna hiyo, ila hakuna aliyewahi kumuuliza. Lengo la kazi yote ni moja: risasi ya mwisho ifanane na ya kwanza. Kwa ajili hiyo aliyachukua maganda yaliyokwisha kupigwa, akayatoa fataki zilizoungua, zile za kuwashia baruti, akayazungusha saa tatu kwenye pipa dogo lenye maganda ya njugu yaliyosagwa mpaka yakang'aa. Aliyakata yakalingana urefu, akayaparuza midomo ndani na nje. Akazima taa, akazipitisha shingo zake moja moja kwenye mwali wa gesi, akitazama rangi ya shaba ibadilike, akiwahi kuliondoa ganda kabla halijaiva kupita kiasi, kwa sababu shingo iliyolegea hushika kichwa cha risasi vibaya. Kisha aliyapima uzito, matupu, akayagawa katika makopo matatu ya siagi aliyoyaandika kwa kalamu: Watiifu, Wanaojitahidi, na Wahuni. Wahuni walikuwa wa mazoezi. Watiifu ndio waliokwenda mashindanoni.

Kulikuwa na jambo moja zaidi, na ndilo alilojivunia kuliko yote. Ganda likipigwa hutanuka, likachukua umbo la chemba, yaani tundu inamokaa risasi, ya bunduki iliyolipiga. Wengi hulibana lote mpaka lirudie umbo la kiwandani. Ragnfrid alikaza shingo tu, mwili akauacha ulivyo. Ganda la namna hiyo huingia kwenye bunduki yake laini na kutulia papo kwa papo. Bunduki nyingine, hata iwe ya aina ileile na kiwanda kilekile, huenda ikalikataa.

Mwisho, Watiifu walipokuwa wamekwisha kupakiwa, aliwapaka kila mmoja pete nyembamba nyekundu kwenye kitako, kwa rangi ya kucha. Kucha zenyewe hakuwahi kuzipaka, dukani walikataza. Rangi aliipenda tu.

Na mwiko wa kwanza wa walenga shabaha umebandikwa ukutani kwenye ukumbi wa chama kwa herufi kubwa: usipige risasi iliyopakiwa na mtu mwingine. Hujui aliweka nini, hujui kama alikuwa anasinzia. Kwa hiyo Tverrdal nzima iliamini kwamba Oddvar anajipakilia mwenyewe. Hakuna aliyemuuliza, na yeye hakusema. Sidhani alikuwa na nia mbaya. Mtu anayefunguliwa bomba kila asubuhi hafikirii maji yanatoka wapi, na huyu alikuwa fundi bomba.

Majira ya kuchipua yalipofika, Ragnfrid alinunua bunduki ya mtumba kwa mzee mmoja aliyeacha kulenga kwa sababu ya mgongo. Vibali vyake vilikuwa sawa na uanachama wake ni wa tangu harusi. Akaiweka kabatini kando ya ile ya mumewe, akapanda juu kunywa kahawa.

"Mwaka huu na mimi nashindana," alisema.

Oddvar alishusha kikombe. "Vizuri sana! Nitakufundisha kulala kifudifudi na bunduki."

"Kulala najua. Na wewe utajipakilia."

"Nijipakilie nini?"

"Risasi."

"Mimi?"

"Mkono unao, jicho unalo. Mwenyewe ulisema."

Oddvar alicheka mpaka meza ikatikisika. "Ragnfrid bwana! Kujaza kwenyewe ndiko unanitishia? Jumamosi moja tu naimaliza."

Alimletea maganda yake mia moja, Watiifu watupu, kwenye sanduku. Oddvar akachukua moja akaligeuzageuza mbele ya dirisha.

"Haya ndiyo mazuri," alisema, "haya ya kiwandani yenye pete nyekundu. Usinichanganyie na yale mengine."

"Ya kiwandani?"

"Si alama yao hiyo nyekundu? Nimewaambia hata wenzangu, tafuteni yenye pete."

Ragnfrid alitoka nje mpaka kwenye ghala la kuni, akampigia simu Gunnvor, akamweleza. Upande wa pili akasikia kishindo, kumbe wifi yake kadondosha simu kwa kicheko.

"Mwambie!" alisema Gunnvor alipoiokota. "Leo hii, mwambie huyo bwege!"

"Nikimwambia atasema asante, atanibusu kichwani, na wiki ijayo kasahau. Sitaki asante ya jikoni, Gunnvor. Nataka aseme mwenyewe, bila kuombwa, mbele ya watu walewale waliocheka kuhusu wafeli."

"Na asiposema?"

Ragnfrid aliokota kuni moja, akairudisha palepale. Miaka thelathini na mmoja alikuwa hajataka kitu, na sasa alikitaka hiki kuliko alivyowahi kutaka nyumba au gari.

Basi Oddvar akaanza kazi. Jumamosi ile moja ikawa Jumamosi nne. Alibana maganda kwa nguvu za kufungulia bomba lenye kutu, saba yakajikunja mabega. Aliiweka mizani juu ya mashine ya kufulia, mashine ikaanza kukamua, mizani ikacheza ngoma. Alipoihamisha, akaiinamia mdomo wazi, anapumua, na kila akipumua kile kisahani kinapanda na kushuka. Ragnfrid alikuwa anakunja shuka palepale. Neno "usipumue" lilimfika kwenye ulimi, akalimeza.

Uwanjani, risasi zake zilitawanyika shabaha nzima.

"Upepo," alisema Oddvar.

"Upepo gani?" aliuliza Torleiv, mwenyekiti wa chama, mtu mwembamba wa maneno machache. "Bendera imelala."

Wiki iliyofuata kosa lilikuwa la fataki. Wiki iliyofuata tena, la miwani. Kando yake Ragnfrid alilala kifudifudi na ile bunduki ya mtumba, anapiga taratibu, na matundu yake yalianza kukaa pamoja, kwanza yanafunikwa na sahani, kisha na kikombe, mwishoni mwa kiangazi na kifuniko cha chupa. Maganda yake nayo yalikwisha kuizoea chemba ya bunduki yake. Oddvar aliona. Alikula nyama yake ya elki, yule mnyama mkubwa wa msituni, kimya, akalala mapema, akapungua mkanda tundu moja. Kuomba msaada hakuomba. Mume na mke wale walipendana, hilo lisitiliwe shaka, lakini kiangazi kile kila mmoja alikuwa na shingo ngumu ya kutosha watu wawili.

Jumamosi ya mashindano, mwanzoni mwa Septemba, Ragnfrid alishuka asubuhi kuchukua risasi zake. Alikuwa amepakia masanduku mawili, hamsini hamsini, akayapanga kwenye rafu. Masanduku mawili yalikuwapo. Alinyanyua la juu, sawa. Alinyanyua la chini, na mkono wake uliokuwa umepima dawa miaka ishirini na saba ukasita, uzito haukuwa ule.

Akalifungua. Pete nyekundu zilikuwapo, ndiyo, lakini vichwa vya risasi vimekaa kila kimoja na kimo chake, vingine vimeinama, na maganda yana mikwaruzo ya kucha za mashine. Ilikuwa kazi ya Oddvar. Mwizi alikuwa amechukua sanduku zima la mkewe akaacha lake mahali pake, akidhani pete kwa pete hakuna atakayejua.

Kwanza Ragnfrid alihisi moto usoni. Kisha akakumbuka jambo, akakaa kwenye sanduku la viazi. Zile risasi zilipakiwa kwenye maganda ya bunduki yake yeye. Kwenye bunduki ya Oddvar, yenye chemba ya kubana zaidi, hazingeingia hata kwa kusukuma, na Oddvar hakulijua hilo kwa sababu hakuwahi kuwa na haja ya kulijua. Risasi zake sikuzote zilikuwa zimemteleza tu chembani, akadhani ndivyo risasi zilivyo.

Angeweza kupanda ngazi akamwambia. Aliwaza hilo kwa muda wa kufunga buti moja. Alipofunga ya pili alikuwa amekwisha kuamua kunyamaza, na nisiseme uongo, alitabasamu.

Garini Oddvar alipiga mluzi njia nzima.

"Una furaha," alisema Ragnfrid.

"Najisikia vizuri. Nadhani nimeupata ule ufundi wa kupakia."

"Lini?"

"Ghafla tu. Kama jana hivi."

"Hongera," alisema Ragnfrid, akageukia dirishani kuficha mdomo.

Uwanja ulijaa. Gunnvor alikuwa kwenye meza ya wafeli peke yake, nywele zimemsimama, kwa sababu mwaka ule Ragnfrid hakuwapo kumsaidia. Oddvar alipangiwa nafasi ya sita na Ragnfrid ya saba, bega kwa bega. Kila mmoja angepiga ishirini na tano, kifudifudi, mita mia mbili. Nyuma ya kamba walisimama watu waliokuja kumwona Oddvar akilichukua kombe jumla.

"Pakieni!" aliita Torleiv.

Ragnfrid alisukuma bolti yake, kile kifungio cha chuma cha bunduki, ikafunga kwa mlio mdogo. Upande wa kushoto akasikia bolti ya Oddvar inakwenda, inakwenda, inagoma. Ikarudishwa, ikasukumwa tena, ikagoma palepale. Kisha akasikia mguno, na kiganja kikipiga chuma.

"Usiilazimishe!" Torleiv alikwisha kufika. "Mtutu mbele. Toa mkono." Aliitoa ile risasi, akaiinua kwenye mwanga. Watu nyuma ya kamba walinyoosha shingo. Torleiv akaipima kwa macho, akatikisa kichwa. "Ganda limevimba. Hukulibana mpaka mwisho, Oddvar. Kosa la mtu anayeanza hilo."

Watu wakacheka, lakini kicheko cha kirafiki, na Ragnfrid alielewa kwamba mlango umefunguliwa. Mumewe alikuwa amepewa uongo tayari umepikwa na kuandaliwa mezani. Alichotakiwa ni kusema ndiyo, nilikosea, na yangekwisha. Ragnfrid mwenyewe alikuwa amelala, macho mbele kwenye shabaha yake, anajifanya anakaza mkanda, na moyo unampiga mpaka kwenye mkeka. Sema, alimwambia ndani kwa ndani. Sema, bwege wee.

Oddvar alikuwa ameweka paji la uso juu ya mkono wake. Akakaa hivyo. Kisha akapiga magoti, akasimama, mtu mzito yule, na kila mtu akamwona.

"Hiyo si yangu," alisema.

"Si yako vipi?"

"Nimeiiba. Ni ya mke wangu. Nimemwibia usiku, nikamwekea zangu."

Torleiv aliitazama ile risasi, akamtazama yeye. "Unajua mwiko, Oddvar. Mtu hapigi risasi iliyopakiwa na mwingine."

"Mimi sijapiga nyingine," alisema Oddvar. Sauti ile ya kusikika ng'ambo ilikuwa imeshuka, na bado wote waliisikia. "Miaka thelathini na mmoja sijapiga nyingine. Anapakia Ragnfrid. Zote. Mimi nilijaribu mwaka huu, mmeona wenyewe nilivyopiga. Sikusema siku zile kwa sababu... sijui kwa sababu gani. Nilizoea. Kila kilichochongwa jina langu, yeye ndiye aliyekipakia."

Hakuna aliyecheka.

"Lakini si ya kiwandani maganda haya?" aliuliza Torleiv, bado ameishika. "Wewe ndiye uliyetuambia tutafute yenye pete."

Ragnfrid alinyanyua kichwa kutoka kwenye bunduki. "Rangi ya kucha," alisema.

"Ya nini?"

"Ya kucha, Torleiv. Kroner tisini na tisa chupa."

Oddvar aligeuka akamtazama mkewe pale chini. Mdomo ulikuwa wazi, kama siku ile ya mizani. "Tangu lini?"

"Tangu tulipooana."

Kutoka kwenye meza ya wafeli, Gunnvor alipiga kigelegele cha ajabu, sauti kati ya kilio na kicheko, na hapo uwanja mzima ukalipuka. Torleiv, mtu wa maneno machache, alilazimika kuvua miwani kuifuta.

"Chama kina risasi za dukani," alimwambia Oddvar walipotulia. "Unaruhusiwa. Ukitaka, lala upige."

Oddvar alilitazama kombe lililokuwa mezani linang'aa, mara mbili jina lake ubavuni. Ragnfrid alimwona akilitazama, na hapo ndipo aliposikia huruma, kidogo.

"Hapana," alisema Oddvar. "Naona kwenye wafeli wanahitaji mkono. Na jicho." Akaokota mkeka wake, akapita chini ya kamba.

Ragnfrid alilala tena. Macho yalikuwa yamejaa machozi, na risasi yake ya kwanza ilipata nane, jambo lililomuudhi sana. Alifumba macho, akapumua, akajiambia kwamba mambo mengine atayalilia baada ya risasi ya ishirini na tano. Kisha akapiga kumi. Akapiga kumi nyingine. Watiifu waliingia chembani mmoja baada ya mwingine, wakatoka, na kwenye kioo kidogo pembeni yake vidoti vikajikusanya katikati. Alisikia harufu ya kitu kinachoungua kutoka upande wa wafeli, asigeuke.

Alipata mia mbili arobaini na tatu. Hakushinda. Kombe alilichukua Aslak Haugen, daktari wa mifugo wa bondeni, kwa mia mbili arobaini na nane, na hakuna wa kumlaumu. Ragnfrid alikuwa wa nne, na wa nne hupewa kijiko cha fedha.

"Kaka yangu kaunguza tano za kwanza," Gunnvor alimnong'oneza baadaye, akimpa wafeli yenye jamu na jibini ya kahawia. "Ya sita hiyo. Kaniapia ni yako, mtu asiiguse."

Ilikuwa mbichi katikati. Ragnfrid aliimaliza yote.

Nyumbani, jioni ile, walizungumza. Yaliyosemwa ni yao, ila Jumapili alasiri Oddvar alishuka chumba cha kufulia na vikombe viwili vya kahawa na kigoda, akakaa pembeni, mikono magotini.

"Nifundishe."

"La kwanza," alisema Ragnfrid, "usipumue kwenye mizani."

"Ndilo lilikuwa kosa?"

"Moja kati ya kumi na nne."

Kijiko kilikaa kwa mchongaji siku kumi. Kilipowasili kwa posta, Ragnfrid alikitoa kwenye karatasi, akasoma jina lake mara tatu, kisha akaenda nacho kwenye kabati la kioo la sebuleni, mahali palipopangwa vijiko vya ushindi vya Oddvar arobaini na vikombe sita vidogo. Oddvar hakuwapo, alikuwa amesema anakwenda kununua misumari.

Alifungua kabati, akasogeza vijiko ampishe mgeni. Mkono ukasita kama ulivyosita siku ile ya sanduku.

Kwenye mpini wa kijiko cha kwanza kulikuwa na pete nyekundu. Cha pili kilikuwa nayo. Alikichukua cha tatu, cha nne, akavimwaga vyote juu ya kitambaa cha meza. Arobaini, kila kimoja na pete yake, imepinda, imevimba upande mmoja, nyingine ina alama ya dole gumba. Vikombe navyo, kuzunguka miguu. Kazi ya hovyo kuliko zote alizowahi kuona. Kopo la Wahuni lingeikataa.

Chini alikuwa na chupa ya asetoni ambayo ingezifuta pete zote kwa nusu saa, na fedha ingerudi safi. Aliiwaza ile chupa. Akakaa kitini na kijiko kimoja mkononi, akalia kidogo, kisha akacheka, kisha simu ikalia.

"Bi Ragnfrid?" Ilikuwa sauti ya Aslak, daktari wa mifugo, na alisikika hajui aanzie wapi. "Samahani kukusumbua. Mumeo yuko hapa kwangu. Ana chupa ya rangi ya kucha. Ananiomba nimpe kombe dakika mbili tu, anasema kuna mahali jina lake lipo mara mbili na kuna kitu kimesahauliwa. Nimruhusu?"

Ragnfrid alipangusa pua kwa mgongo wa mkono.

"Mruhusu," alisema. "Ila mwambie asipumue."